Wakili wa Kesi Ndogo: Saa 48 za Kwanza Butembo na Beni

Butembo, mashariki mwa Kongo (DRC), ni mji wa biashara ya kuaminiana, na deni likikwama mdai hukimbilia polisi kabla hajafikiria mahakama ya madai. Chukua mfano wa motari aliyekabidhiwa pikipiki kwa makubaliano ya kupeleka hesabu kila jioni. Wiki mbili hajapeleka; mwenye chombo anamshitaki. Afisa anamuuliza: unadaiwa? Motari, muungwana, anajibu ndiyo. Yeye amesema kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kinande, lakini PV, yaani maandishi rasmi ya mahojiano, inaandikwa kwa Kifaransa. Akishatia sahihi, anasomeka kama mtu aliyekiri kuvunja uaminifu, kosa lenye kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5. Wakili angemkatiza papo hapo. Kukiri deni si kukiri kosa, na ibara ya 61 ya Katiba ya 2006 inakataza kumfunga mtu kwa sababu ya deni, hata nchi ikiwa katika hali ya dharura.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema wakili ni wa kesi za mauaji. Kesi kubwa huvuta macho ya watu na huchukua muda. Ndogo mara nyingi huamuliwa ndani ya saa 48 ambazo polisi wanaruhusiwa kumshikilia mtu. Ibara ya 19 inampa haki ya mtetezi tangu hatua hiyo, ila aliye kwenye kasho, yaani selo ya polisi, hana wa kumwambia.

Dosye ikifika parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, hesabu inageuka. Hakimu akiidhinisha mahabusu, ni siku 15, kisha huenda ikaongezwa mwezi. Aliyepigana sokoni bila kumjeruhi mwenzake vibaya anakabiliwa na siku 8 hadi miezi 6: anaweza kumaliza adhabu kabla ya hukumu. Ndugu zake humletea chakula. Ombi la dhamana hawajui liandikwe vipi.

Na mahabusu ya huku si mahali pa kungojea kwa utulivu. Wavamizi walivunja gereza la Kangbayi, Beni, Oktoba 2020, wakatoroka wafungwa zaidi ya 1,300. Agosti 2022 ikawa zamu ya Kakwangura, Butembo. Aliyemo humo kwa deni, akikimbia risasi, anaitwa mtoro. Katikati ya matukio hayo, Mei 2021, hali ya kuzingirwa (état de siège) ilipotangazwa, kesi za jinai za raia zilihamishiwa mahakama za kijeshi. Haki za utetezi hazikusimamishwa, maana ibara ileile ya 61 inazilinda.

Gharama? Ni pingamizi la kweli. Mabaraza ya mawakili yana ofisi za ushauri wa bure, na ningependa saa zao chache zitumike kwenye kasho kuliko kwenye hotuba za mahakamani. Ila wakili awe wa mtuhumiwa mwenyewe, si yule aliyependekezwa na afisa ili “mambo yaishe”. Sheria inamruhusu afisa kupendekeza faini inayofuta kesi, pale anapoona mahakama ingetoza faini tu. Asiye na mtetezi anaweza kulipa bila kujua kama kosa lake linaingia humo, na bila kudai risiti ya Hazina.