Mbio za Ridhaa Katika Kisiwa cha Mvita

Zamani, kabla reli haijalazwa kutoka Mombasa kwenda bara, habari zilisafiri kwa miguu ya watu. Aliyechukua barua aliitwa tarishi, na kazi yake ilikuwa mwendo: kwenda upesi, kufika, kutoa alichokabidhiwa na kurudi na jawabu. Ujenzi wa reli ulianza mwaka 1896. Mwaka 1901 reli ilikuwa imefika ukingo wa Ziwa Viktoria, na tarishi wa safari ndefu hakuhitajiwa tena. Jina lake halikufa, bali lilishuka cheo, hata leo tarishi ni mtu wa kuchukua karatasi kutoka meza moja ya ofisi na kuziweka juu ya nyingine.

Namtaja tarishi, msomaji, kwa kuwa marathoni, mbio ndefu kupita zote katika Michezo ya Olimpiki, ni mtoto wake. Mwaka 490 kabla ya Kristo, Waajemi walipoishukia pwani ya Marathon, watu wa Athens walimtuma tarishi aitwaye Philippides kwenda Sparta kuomba msaada, naye, kama asemavyo mwandishi Herodotus, alifika siku ya pili yake. Ama kile kisa kingine, cha mtu aliyekimbia kutoka uwanja wa vita hadi Athens, akatangaza ushindi, akaanguka, akafa, Herodotus hakukitaja hata kwa neno moja. Kiliandikwa na watu waliokuja karne nyingi baadaye. Lakini kisa kitamu hakiulizwi cheti. Michezo ya Olimpiki ilipofufuliwa Athens mwaka 1896, mbio za kutoka Marathon zilitiwa ndani yake, na mshindi akawa Spyridon Louis, mchukuzi wa maji wa kijiji cha Marousi, aliyekwenda kilomita 40 hivi kwa muda wa saa 2, dakika 58 na sekunde 50. Tazama jinsi mwaka huo ulivyokuwa: reli ya kwanza ilipolazwa Mombasa ili kumwondoa tarishi kazini, huko Ugiriki kazi yake iligeuzwa mchezo. Urefu wa leo, kilomita 42 na mita 195, ulipimwa kwanza kwa ajili ya Michezo ya London ya mwaka 1908, ukafanywa kanuni mwaka 1921.

Mchezo huo ulikuwa wa ridhaa. Mchezaji wa ridhaa ni yule aingiaye mchezoni kwa kupenda kwake, asiyepokea ujira. Shirikisho la riadha la dunia, lililoundwa mwaka 1912, lilitia neno hilo katika jina lake lenyewe, na waliolivunja waliadhibiwa vikali. Jim Thorpe wa Marekani, aliyeshinda nishani mbili za dhahabu mwaka huo huo wa 1912, alinyang'anywa zote mbili kwa kuwa aliwahi kupokea fedha kidogo kwa kucheza besiboli. Alikufa mwaka 1953, na haki yake haikurejeshwa ila mwaka 1982. Sheria ya ridhaa ilisifiwa kwa usafi wake, lakini mimi naona usafi huo ulikuwa mwepesi kwa mtu mwenye shamba na kodi za nyumba. Mtu wa namna hiyo aliweza kufanya mazoezi asubuhi na kupumzika mchana. Kijana wa mji wa bandari, anayesubiriwa ofisini au gatini, alikuwa na saa zile tu ambazo mwajiri hakuzitaka.

Kijana mmoja wa Mombasa aliitumia vyema saa hiyo ya jioni. Seraphino Antao alizaliwa hapa mwaka 1937, katika jamaa ya Wagoa. Yakupasa ukumbuke, msomaji, jinsi Mombasa ya ukoloni ilivyowagawa watoto wake. Wazungu walikuwa na shule zao, Waasia zao, Wagoa yao, Waarabu yao, Waafrika zao. Na vilabu vya michezo navyo vilifuata mafungu hayo hayo. Watoto waliotenganishwa na ukuta mmoja waliweza kukua hata wakawa watu wazima bila kushindana kwa mbio siku moja. Antao alisoma katika shule ya Wagoa, akajiunga na kilabu ya wanariadha iliyoitwa Achilles, akawa mtu wa mbio fupi. Mwaka 1958 alikwenda Cardiff kwa michezo ya Jumuiya ya Madola, na mwaka 1960 akaenda Rome kwa Olimpiki, akafika nusu fainali ya mita 100. Katika michezo hiyo hiyo ya Rome Abebe Bikila wa Uhabeshi alikimbia marathoni miguu mitupu na kushinda, Mwafrika wa kwanza wa kusini ya Sahara kupata dhahabu ya Olimpiki. Yamkini umesoma habari za Bikila mara nyingi. Habari za Antao husomwa mara chache, ijapokuwa yeye ni wa mtaani kwetu.

Mwezi Novemba mwaka 1962 michezo ya Jumuiya ya Madola ilifanyika Perth, Australia. Joto lilikuwa kali mno, likapita digrii 38 siku baada ya siku, hata askari wakatumiwa kuwapelekea wachezaji maji. Wengi walilalamika. Kijana aliyelelewa Mombasa hakuwa mgeni wa jua. Antao alishinda mbio za yadi 100, kisha akashinda za yadi 220, na hizo ndizo nishani za dhahabu za kwanza ambazo Kenya ilipata katika michezo hiyo. Nchi ilikuwa bado koloni. Uhuru ulikuja Desemba 12, 1963. Mwaka 1964, Kenya ilipoingia kwa mara ya kwanza katika Olimpiki kama taifa huru, huko Tokyo, aliyebeba bendera mbele ya wenzake alikuwa Antao. Katika michezo hiyo Wilson Kiprugut alipata nishani ya shaba katika mita 800, nishani ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Antao baadaye alihamia Uingereza, akafa London mwaka 2011.

Waulize leo vijana kumi wa Kenya mkimbiaji hutoka wapi, nao watakujibu kwamba hutoka Iten, Eldoret au Kapsabet. Jawabu hilo lina ukweli mkubwa. Nchi ile imeinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na damu ya aliyekulia huko hujifunza kuchukua pumzi nyingi kutoka katika hewa kidogo. Waliozishinda mbio ndefu za dunia tangu Kipchoge Keino, aliyepata dhahabu ya mita 1,500 huko Mexico mwaka 1968, wengi ni wa nyanda hizo, wala hapana haja ya kuwapunguzia sifa. Lakini ukweli huo umezaa uongo mdogo unaomdhuru mtoto wa pwani. Mwalimu humwambia, au yeye hujiambia mwenyewe, kwamba mbio si zake, kana kwamba miguu hutolewa kwa kufuata ramani. Nimewasikia wanafunzi wakisema hivyo katika mji huu huu aliokulia Antao.

Nawe usidhani kwamba Antao ni wa pekee kwa kuwa mbio zake zilikuwa fupi. Mwaka 1963 alizaliwa Mombasa mtoto mwingine, Douglas Wakiihuri. Alipotimia kijana alisafiri hadi Japani mwaka 1983, akaingia chini ya mkono wa Kiyoshi Nakamura, mwalimu aliyejulikana kwa ukali wa mafunzo yake. Nchi ile haina milima ya Iten, wala yeye hakuwa na jina. Mwaka 1987, katika jiji la Rome alimoshindia Bikila, Wakiihuri alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia. Mwaka wa pili yake huko Seoul akapata nishani ya fedha ya Olimpiki, ya kwanza ya Kenya katika marathoni. Akashinda London mwaka 1989, na mwaka 1990 akashinda katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Auckland na tena New York.

Kati ya Antao na Wakiihuri ulimwengu wa riadha uligeuka. Mwaka 1982 shirikisho la dunia liliruhusu wakimbiaji wawekewe fedha katika amana, na mlango uliofunguliwa kidogo haukuchelewa kufunguka wote. Boston, ambako marathoni imekimbiwa tangu mwaka 1897, ilianza kutoa zawadi za fedha mwaka 1986. Mwaka 2001 shirikisho liliondoa neno la ridhaa katika jina lake, likachagua kwa werevu jina jipya lenye herufi za mwanzo zile zile, hata mihuri haikuhitaji kubadilishwa. Basi bingwa na mtu wa kawaida wakaachana njia. Katika siku za Antao bingwa mwenyewe alikuwa mtu wa kawaida. Sasa ana mwalimu, daktari na kambi.

Je, kisiwa kilipata nafasi ya kuwatazama mabingwa hao? Kilipata, mara moja, tena kwa namna ambayo hawataisahau. Machi 24, 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika katika kiwanja cha gofu cha Mombasa, kando ya bahari, ng'ambo ya Likoni. Kenya haikuwahi kuyaandaa kabla ya hapo. Sasa, mwezi Machi unapokwisha kaskazi huwa imechoka na kusi haijaingia. Mabaharia huyaita majira hayo tangambili. Upepo hulala. Hewa hujaa unyevu, na jasho, ambalo humpoza mtu linapokauka tu, hukataa kukauka. Likamtiririka mkimbiaji likaanguka chini bila kumfaa kitu. Kenenisa Bekele wa Uhabeshi alikuja akiwa mshindi wa miaka mitano mfululizo, tangu 2002 hadi 2006. Aliongoza mbio za kilomita 12, na katika mzunguko wa mwisho nguvu zikamwisha, akasimama, akatoka. Dhahabu akaichukua Zersenay Tadese wa Eritrea. Kwa wanawake ilichukuliwa na Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekimbilia Uholanzi. Wengine wengi hawakufika mwisho. Jua la Mombasa halikuuliza nani ni bingwa.

Jua hilo hilo ndilo wanaloamkia wakimbiaji wa ridhaa wa kisiwa. Ukitaka kuwaona, toka Jumamosi au Jumapili baada ya sala ya alfajiri, mahali palipo karibu na Fort Jesus. Utawaona wawili watatu, mwalimu, karani, fundi, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Huingia Mji wa Kale kwa Ndia Kuu, ambayo kwa Kimvita ni njia kuu tu, ijapokuwa magari mawili hayapishani ndani yake bila kusalimiana. Hupita msikiti wa Mandhry, hutokea Bandari ya Kale, kisha hurejea na kushika barabara ya Mama Ngina penye mibuyu, mpaka kivukoni Likoni. Jua likipanda wamekwisha kurudi, wamekaa kwenye baraza wakinywa kahawa. Mwezi wa Ramadhani wako wanaopumzika kabisa, na wako wanaotoka jioni, saa ya kufuturu ikikaribia, ili maji yasiwe mbali.

Wengi huanza na kilomita tano na kuridhika, nalo ni jambo jema. Wachache hushikwa na hamu ya marathoni, na hapo kisiwa huwa kidogo. Kilomita 42 haziwezi kupatikana ndani yake bila kukizunguka tena na tena, au kuvuka daraja la Nyali kwenda kaskazi, au kupita Makupa kwenda bara. Mtu wa namna hiyo huongeza safari yake ndefu kidogo kidogo, juma baada ya juma, kwa miezi minne au zaidi, wala hapana njia ya mkato. Mwili huweka akiba ya sukari katika ini na misuli, na akiba hiyo kwa watu wengi humalizika karibu na kilomita ya 30. Kuanzia hapo mguu huwa kama wa mtu mwingine. Mazoezi ya miezi huufundisha mwili kutumia mafuta yake na kuitunza sukari. Bila hayo, ushujaa wa siku moja hausaidii. Mtu wa Mombasa ana jambo moja la kumfaa: akienda kukimbia Nairobi, ambako marathoni ya jiji ilianza mwaka 2003, hewa nyepesi itamwonea, lakini joto halitampata na jipya.

Jambo moja katika marathoni hulikuti katika michezo mingine. Mcheza mpira wa mtaani hataitwa kucheza dhidi ya timu ya taifa siku ya fainali, wala mwogeleaji wa Bandari ya Kale hatapewa njia ya saba katika bwawa la Olimpiki. Bali katika marathoni za miji, karani na bingwa husimama katika barabara moja asubuhi moja, wakaenda umbali ule ule, chini ya jua lile lile. Oktoba 2023, huko Chicago, Kelvin Kiptum alifika kwa saa 2 na sekunde 35. Nyuma yake barabarani walikuwamo makumi ya maelfu ya watu ambao Jumatatu walitazamiwa kazini, baadhi yao wakikimbia marathoni kwa mara ya kwanza maishani. Aliyefika kwa mwendo wa saa tano muda wake ulipimwa kwa saa ile ile, ukaandikwa katika orodha ile ile iliyoanza na jina la Kiptum.