Kiti cha Tausi cha Hoteli ya Imperial

Kiti cha Tausi ni kiti cha mbao kilichobuniwa na msanifu majengo wa Marekani Frank Lloyd Wright (1867–1959) kwa ajili ya Hoteli ya Imperial mjini Tokyo, Japani. Hoteli hiyo ilibomolewa, lakini viti vyake kadhaa vimehifadhiwa katika makumbusho.

Hoteli

Wright alianza kazi ya usanifu wa hoteli hiyo katika miaka ya 1910. Kuta zilijengwa kwa matofali pamoja na jiwe la Oya, ambalo ni jiwe laini la volkeno linalochongeka kwa urahisi, hivyo mafundi waliweza kulijaza nakshi. Wright aliondoka Japani mwaka 1922 kabla ya ujenzi kwisha. Msaidizi wake Arata Endo aliukamilisha. Hoteli ilifunguliwa tarehe 1 Septemba 1923, siku ileile ya tetemeko kubwa la ardhi la Kanto. Ilipata madhara kiasi, lakini haikuanguka.

Ubunifu wa kiti

Kwa Wright, jengo na vilivyomo ndani yake vilikuwa kazi moja. Kwa hiyo alibuni pia samani, mazulia na vyombo vya mezani vya hoteli. Kiti cha Tausi kina fremu ya mwaloni, na egemeo lake lina umbo la pembesita. Maumbo ya pembe kali yaliyoonekana katika nakshi za mawe yanarudi katika mbao. Kiti si mfano mdogo wa jengo: hakina kuta wala paa lake. Kilichochukuliwa ni mpangilio wa mistari na pembe, ukapewa kipimo cha mwili wa binadamu.

Baada ya kubomolewa

Kadiri miaka ilivyopita, jengo lilititia katika ardhi laini na kuchakaa, huku thamani ya kiwanja katikati ya jiji ikipanda. Lilibomolewa kati ya 1967 na 1968, na jengo refu likachukua nafasi yake. Sehemu ya lango na ukumbi wa mapokezi ilijengwa upya katika makumbusho ya Meiji-mura, mjini Inuyama.

Viti vilivyochakaa viliwahi kubadilishwa kwa vipya hoteli ilipokuwa ikitumika. Hivyo si kila kilichohifadhiwa ni cha mwanzo. Hata hivyo, kwa watu wasioweza kufika Japani, kiti hicho ni njia mojawapo ya kulielewa jengo ambalo sehemu yake kubwa haipo tena.