Siti binti Saad: Kutoka Vyungu vya Fumba Hadi Santuri za Bombay

Sisi tunaoshona nguo za harusi huku Kyimo, karibu na Tukuyu, tuko mbali na bahari, lakini mteja akija kupima gauni hukuta taarabu inalia pale kwenye cherehani. (Hukumu ya muziki tunawaachia masheikh, leo tunasimulia historia tu.)

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880. Jina alilopewa ni Mtumwa. Baba yake Mnyamwezi, mama yake Mzigua, watu wa chini kabisa enzi zile. Mama alifinyanga vyungu, binti akavitembeza na kuvinadi kwa sauti. Shule hakusoma. Mwaka 1911 akahamia mjini, akafundishwa kuimba na Ali Muhsin wa Ikhwani Safaa. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1905, cha wanaume, nao waliimba Kiarabu. Siti alikijua hicho Kiarabu cha nyimbo, ila alipoimba Kiswahili, wapishi na wachukuzi nao wakaelewa. Hapo ndipo alipopewa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mtumwa akawa bibi!

Wenye wivu hawakukosekana. Walimtungia wimbo wa kumcheka kwamba ametoka shamba na kaniki yake, akauza vyungu. Sisi wa vitambaa tunajua kaniki ni nini: nguo nyeusi ya kazi, iliyovaliwa na watumwa. Walimtukana na sura pia. Naye akawajibu kwa wimbo wake, bila kurusha tusi.

Mwaka 1928 akapanda meli na wapigaji wake, akiwemo Subeti bin Ambari wa udi, wakaenda Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice. Ni mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki kurekodiwa hivyo. Uhindi ulikuwa karibu na Unguja kwa pepo za biashara, na taarabu iliukaribisha: ngoma za tabla na kinanda cha mkono vilipata nafasi karibu na udi wa Kiarabu.

Wimbo unaotugusa zaidi ni Kijiti. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa, mwuaji akakimbilia bara, na waliofungwa wakawa wanawake waliotoa ushahidi. Siti akaliimba hadharani, jina la mwuaji likajulikana kila nyumba yenye gramafoni. Mahakama ilikuwa imewapuuza wale wanawake. Yeye hakuwapuuza.

Alifariki mwaka 1950. Kabla ya hapo Shaaban Robert alikutana naye, akaandika wasifu wake. Miaka mingi baadaye wanawake waandishi wa habari wa TAMWA walipoanzisha jarida la kutetea haki za wanawake, waliliita Sauti ya Siti.