Upasuaji wa Roboti, au kwa Roboti?

Tunasema upasuaji wa jicho, na jicho ndilo linalopasuliwa. Tunasema pia upasuaji wa daktari fulani, na daktari ndiye mpasuaji. Je, upasuaji wa roboti ni upi kati ya hiyo miwili? Jina hilo limeshaenea, lakini mgonjwa anayesubiri kulazwa ana haki ya kujua kisu kitashikwa na nani.

Tuitazame da Vinci, mashine iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000. Mikono yake inamwinamia mgonjwa. Daktari ameketi kando, uso ameuzamisha kwenye kitazamio, vidole vimo kwenye vishikio. Akivisogeza, vifaa vyembamba vinapinda tumboni mwa mgonjwa kama kifundo cha mkono. Mwendo wake umepunguzwa, mtetemo wa vidole umechujwa. Akiinua kichwa, vifaa vinaganda palepale. Mashine haikuamua chochote.

Mwaka 2001 daktari Jacques Marescaux, akiwa New York, alitumia roboti nyingine kumtoa mfuko wa nyongo mgonjwa aliyelala Strasbourg, Ufaransa. Mpasuaji alikuwa yeye, ingawa bahari nzima ilimtenga na kitanda.

Ndiyo maana natetea *upasuaji kwa roboti*, kama tunavyokata kwa kisu. Kwa sababu hiyohiyo tuandike roboti imekata, si roboti amekata. Hata asili ya neno inaniunga mkono: lilitoka kwenye tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, kutokana na neno la Kicheki *robota*, kazi ya kulazimishwa. Kwa Kiswahili, shokoa.

Akili bandia, ambayo wengine huiita akili mnemba, husaidia kwa namna nyingine: mkono wa mashine huusaidia mkono wa daktari, programu hulisaidia jicho lake. Katika kutoa mfuko wa nyongo, hatari kubwa ni kukata mrija mkuu wa nyongo ukidhaniwa ni mrija wa mfuko. Zipo programu zilizofunzwa kwa video za upasuaji ambazo hupaka rangi juu ya picha kwenye skrini: hapa salama, pale usiguse. Anayekata bado ni daktari.

Mwaka 2022 watafiti wa Johns Hopkins walitangaza kwamba roboti yao, STAR, imeunga utumbo wa nguruwe hai kwa mishono iliyoshona yenyewe, mtu akisimamia na kuidhinisha mpango wake. Hapo ndipo *wa* inapoanza kustahili.