Nyayo Zilizonyoshwa kwa Plasta

Somo letu la leo ni la historia. Leo hatusomi habari za wafalme wala za vita. Tunasoma habari za miguu ya watoto.

Watoto wengine huzaliwa nyayo zimepinda kwa ndani. Watu wengi huita mguu kifundo. Si laana, wala mama hakukosa neno. Lakini mtoto asipotibiwa, atakanyaga kwa ubavu wa mguu maisha yake yote.

Zamani, hospitali nyingi za Ulaya na Marekani zilitumia kisu. Mwaka 1941 daktari Mhispania, jina lake Ignacio Ponseti, alifika Iowa, Marekani. Aliwachunguza watu waliopasuliwa nyayo walipokuwa wadogo. Aliona nini? Nyayo zilikuwa ngumu kama ubao, tena zenye maumivu. Siku ya kutoka hospitali mguu ulionekana mzuri. Shida ilikuja miaka mingi baadaye, wakati hakuna aliyekuwa akitazama.

Basi Ponseti akatafuta njia nyingine. Aliunyosha mguu wa mtoto mchanga polepole kwa mikono, kisha akaufunga plasta. Baada ya siku chache aliifungua, akanyosha tena kidogo, akafunga nyingine. Plasta tano au sita hutosha mara nyingi. Halafu mara nyingi hukatwa ukano wa kisigino, na mtoto hufungwa plasta ya mwisho kwa wiki tatu. Kisha huvaa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma: kwanza mchana na usiku, baadaye usiku tu, kwa miaka kadhaa. Mzazi akiviacha mapema, mguu huweza kurudi kama zamani.

Mwaka 1963 Ponseti aliandika habari hizo katika gazeti la madaktari. Je, walizipokea? Wengi hawakuzijali. Walikuwa wamezoea kisu. Wengine walikuwa wamejaribu plasta kwa namna ya zamani, wakibonyeza mahali pasipofaa. Iliposhindwa, walilaumu plasta, wala hawakulaumu mikono yao.

Mwaka 1995 ilitolewa habari ya watu 45 waliotibiwa na Ponseti utotoni, ambao sasa walikuwa watu wazima. Katika kila 100, watu 78 walikuwa na miguu mizuri au mizuri sana. Kwa watu waliozaliwa na miguu ya kawaida, hesabu ilikuwa 85. Tofauti ni ndogo! Tangu hapo wengi walianza kugeuka.

Sasa chukueni kalamu. Toeni 1963 katika 1995. Mmepata miaka 32. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa mtu mzima, pengine mwenye watoto, kabla madaktari wengi hawajasikia.

Habari hizi zilifika kwetu pia. Karibu na mwaka 2000, daktari Mkanada, Norgrove Penny, aliileta njia hii Uganda. Huko madaktari wa upasuaji wa mifupa walikuwa wachache, basi maofisa tabibu wakafundishwa. Malawi nako, habari iliyotolewa mwaka 2005 ilihesabu nyayo 100 zilizotibiwa na maofisa tabibu. Karibu zote zilinyoka. Kazi iliyodhaniwa kuwa ya mabingwa peke yao ilifanywa vema na watu waliokubali kufundishwa.

Wasikilizaji, mtu wa kazi huipenda njia aliyofundishwa na mwalimu wake. Si vibaya. Lakini na arudi kuwatazama aliowatibu zamani, awahesabu, aseme kweli kuhusu alichokiona. Asiyetazama nyuma hawezi kujua kama anaponya au anaumiza.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini madaktari wengi hawakuikubali njia ya plasta upesi?
2. Wazazi wana kazi gani baada ya plasta kufunguliwa?
3. Katika kazi yako, ni desturi gani hujapata kuihakikisha?

Kwa leo tunaishia hapa. Kwaherini.