Jora, Doti, Belo

Tarehe 21 Septemba 1833, huko Maskati, Sayyid Said, sultani wa Omani na Unguja, alitia saini mkataba wa biashara na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani. Sharti moja ndani yake lilikuja kuwagusa wafumaji, mafundi na wavaaji wa pwani hii kuliko mengine yote: shehena ya Mmarekani ikishushwa bandarini itozwe ushuru usiozidi asilimia tano, na hapo iwe imekwisha. Hakuna ada ya kutia nanga, hakuna ada ya rubani, hakuna leseni. Vijana wa kijiweni kwetu Ilala wakianza kubishana kama serikali ipandishe ushuru wa mitumba, mimi huwarudisha kwenye mkataba huo. Hunicheka. "Fundi, sisi tuko kwenye belo, wewe unatuletea masultani!" Wacheke tu. Bei ya suruali wanayoiuza ilianza kupangwa kule.

Kitambaa kilichokuja na mkataba ule kilifumwa Salem na miji mingine ya Massachusetts. Kilikuwa pamba tupu, kizito, hakijapaushwa, na watu wakakiita merikani. Meli zilirudi kwao na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi ya kutengenezea vanishi. Kutoka Unguja na Bagamoyo wapagazi waliibeba merikani kwa majora hadi Unyamwezi na Ujiji, na huko bara ikawa fedha hasa. Msafara ulilipa hongo ya kupita kwa machifu kwa doti, ukanunua mtama kwa mikono na shuka, ukalipa ujira kwa kitambaa. Waingereza walijaribu kuiga, lakini mnunuzi wa bara aliyezoea merikani aliujua uzito wake kwa vidole.

Si kwamba kabla ya hapo watu wa huku hawakufuma. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba vitambaa vya mji ule vilisafirishwa hadi Misri. Kilwa, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vigurudumu vingi vya udongo vya kusokotea uzi. Ufipa na bonde la Rufiji pamba ilifumwa kwenye kitanda cha mfumi, na nguo moja ilikuwa kazi ya siku nyingi. Mfumi huyo ndiye aliyeshindanishwa na kiwanda, bila hata kuambiwa kwamba mashindano yameanza.

Na Sultani hakuwa na sababu ya kumlinda. Mapato yake yalitoka forodhani, na forodha ya Unguja ilikodishwa kwa Jairam Sewji, tajiri wa Kihindi, aliyemlipa Sultani kiasi cha fedha kila mwaka. Nguo nyingi zikiingia, forodha inanona. Mfumi wa Rufiji hakuwa na fungu ndani ya hesabu hiyo. Waliosalia kwa muda mrefu ni wafumaji wa Banadir, pwani ya Mogadishu, kwa kuwa walifuma nguo za rangi na mistari ambazo viwanda vya ng'ambo havikuwa nazo. Mwaka 1861 Wamarekani walipoanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, pamba yao ikakwama na merikani ikaadimika pwani. Ungedhani mfumi wa huku angepumua. Pengo lilijazwa na Manchester, kisha na viwanda vya Bombay.

Wakaja Wazungu na mikataba yao. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulichora eneo la biashara huria lililoitwa bonde la Kongo, na mstari wake ukavutwa hadi Bahari ya Hindi. Kwa hiyo Tanganyika, Kenya na Uganda, ambazo maji ya Mto Kongo hayafiki sehemu kubwa ya ardhi yao, zilikatazwa kupendelea bidhaa za nchi moja dhidi ya nyingine. Miaka ya 1930, katika mdororo wa uchumi, nguo za Kijapani za bei nafuu zilifurika Afrika Mashariki. Wafanyakazi wa Lancashire walikuwa wakikosa kazi, na mwaka 1934 Uingereza iliwawekea Wajapani mgao katika makoloni yake mengi. Hapa kwetu haikuweza, kwa sababu ya Berlin. Mkulima wa pamba aliyelipwa senti chache kwa zao lake akaendelea kuvaa Kijapani.

Tazama ajabu iliyopo. Mabishano yale makali kuhusu ajira za watu yalikuwa juu ya ajira za Lancashire na za Osaka. Sijasikia aliyeuliza mwaka ule kama Mwanza, penye pamba, pangeweza kuwa na kiwanda.

Swali hilo lilisubiri uhuru. Kiwanda cha Urafiki kilijengwa Ubungo kwa msaada wa Wachina na kufunguliwa 1968. Mwanza ikapata Mwatex, Musoma ikapata Mutex. Nguo za nje zikabanwa. Baba yangu alikuwa mfumaji katika kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam, na kelele za mitambo zilimfanya aongee kwa sauti kubwa hata msibani. Ndiye aliyenifundisha kusoma kitambaa. "Mwanangu, usiangalie rangi, angalia mstari." Umeme ukikatika, mtambo husimama, ukiwashwa tena, pale uliposimama hubaki mstari mwembamba, na kitambaa chenye mstari hushuka daraja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mistari ilizidi, vipuri vikakosekana kwa sababu fedha za kigeni hazikuwepo, na kupata doti ya kanga kukawa ama kupanga foleni ama kujuana na mtu dukani. Ushuru ulimlinda baba dhidi ya nguo za nje. Dhidi ya giza haukumlinda.

Bajeti ya 1984 ilianza kulegeza kamba, na wakati wa Mzee Mwinyi milango ikafunguka. Mitumba ikaingia kwa marobota. Miaka ya 1990 baba akapunguzwa kazi. Mimi nikajifunza cherehani, na tangu hapo nimekula kwa kupunguza viuno vya suruali za watu wa Ulaya na Marekani, kukata mapindo na kubadilisha zipu. Belo moja likifunguliwa hulisha msukuma mkokoteni, mwenye meza, mpiga pasi, machinga na mimi. Atakayesema mitumba iliua kazi, baba ni shahidi wake. Atakayesema inaleta kazi, anikute kibandani.

Machi 2016, wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliokutana Arusha waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kikalalamika kwa serikali yake, kikidai kwamba ajira 40,000 za Wamarekani zimo hatarini. Marekani ikaukumbusha ukanda wetu mpango wa AGOA, uliokuwa ukiruhusu bidhaa zetu kuingia kwao bila ushuru. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ikakaza, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye mpango huo. Taifa linaloweka ushuru kulinda chuma chake likaiadhibu nchi ndogo kwa kulinda shati.

Ndiyo maana ubishi wa "soko huria au ulinzi" naona unaanzia katikati ya hadithi. Mwaka 1833, 1885, 1934 na 2018 kiwango cha ushuru wetu kilifungwa na mkataba au kitisho kilichowekwa kwa faida ya mtu wa mbali. Na miaka ile tuliyojipangia wenyewe, tulilinda jengo la kiwanda tukasahau umeme, vipuri na mkulima.

Nikiulizwa, nitakubali ushuru wa mitumba upande, ingawa utanipunguzia wateja. Lakini nitadai masharti yaandikwe kabla. Sehemu kubwa ya pamba yetu bado inauzwa nje ikiwa nyuzi ghafi: serikali itaje ni kiasi gani kitafumwa hapa na kufikia mwaka gani. Ushuru upande ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ifungwe kwenye vitambaa vilivyokwisha kutoka kiwandani, visivyo na mstari. Ngazi ikikosa vitambaa, ushuru ushuke. Na meza ya kupanga hayo iwe na kiti cha mfumaji, cha mkulima wa pamba na cha mwenye belo, maana tangu Maskati viti hivyo vitatu havijawahi kuwekwa.