Jean Nidetch na kilo zisizorudi

Sisi washonaji tunalijua: gauni la bi harusi tunalipunguza kabla ya ndoa, fungate ikisha tunalifumua.

Mwaka 1961, New York, Jean Nidetch alikuwa na kilo 97 na biskuti alizozificha bafuni. Kliniki ilimpangia chakula, akapungua, lakini siri ya biskuti hakuweza kuisema kule. Akaita shoga zake sita nyumbani, wakaambizana ukweli. Mwaka 1962 akafika kilo 64; mwaka 1963 akaanzisha Weight Watchers. Aliyefikia lengo hakuagwa, aliendelea kuja kupimwa kila mwezi. Jean alifariki 2015, ana miaka 91, bila kuzirudia zile 97.

Shoga tunao, tena wengi, ila wakija wanakuja na visheti.